Furu Aliyefumba Mdomo

Mwezi uliopita nilikuwa napita upande wa samaki katika soko la Musoma, sina habari na mtu, harufu moja ikanisimamisha. Haikuwa ya dagaa, wala ya sangara anayekaangwa. Ilikuwa harufu kavu, yenye uchungu kidogo wa nyongo na joto la jabali lililoshinda juani. Nikageuka. Mama mmoja alikuwa amepanga juu ya gunia mafungu ya samaki wadogo, wapana, wenye miiba mgongoni. Mtu aliyekulia ziwani haulizi hao ni nani. Walikuwa furu. Nilisimama pale mpaka yule mama akataka kujua kama nanunua au namzibia wateja.

Ninyi mliozaliwa baada ya sangara kulitawala ziwa, niwieni radhi, lazima niwaeleze furu alikuwa nani. Alikuwa samaki wa kila mtu. Sato alikwenda kwa wenye nafasi na kwa wageni, furu alibaki na sisi. Kijiji chetu kilikuwa rasini, ng'ambo ya maji ukitokea Kigera, na kila jabali la ufukweni lilikuwa na familia yake, maana ndiko tulikoanika. Harufu ile ilikaa kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye madaftari, na Jumapili tuliingia nayo kanisani. Mchungaji mgeni akija kutoka mjini alihubiri akiwa amesimama karibu na dirisha, nasi tulidhani ni unyenyekevu.

Lakini kwetu furu lilikuwa pia tusi. Wavuvi walipovuta wavu, mara kwa mara walimkuta furu jike aliyejaza mdomo, na wakimbonyeza shavu, vifaranga vyake vinamwagika nje, vidogo kuliko punje za mtama. Wakahitimisha kwamba samaki huyu anakula watoto wake. Kwa hiyo mwanamke aliyezika watoto, watu wakashindwa kusema wamekufa kwa nini, akaitwa furu. Hawakumwita usoni. Walilisema jina hilo akishapita, kwa sauti ya kutosha alisikie.

Mama yangu aliitwa furu.

Wadogo zangu wawili walikufa katika ile miaka ya kukosa. Sabuni hakuna, tulifulia majani ya mpapai. Sukari ilikuwa habari ya watu wa mjini. Zahanati ilikuwa na mlango, kitanda na muuguzi mwenye huruma, lakini dawa zilikuwa njiani, na zilikaa njiani tangu naanza kupata akili. Mmoja alichukuliwa na surua, mwingine na homa. Kila mtu kijijini alijua kwamba zahanati ni tupu, maana kila mtu alikuwa amerudishwa pale mikono mitupu, na bado walipokaa majabalini walisema Mama Nyanjura kawala. Nyanjura ni mimi. Mpaka leo jambo hilo likinijia nasikia damu inachemka, wala sitaki ipoe.

Mama hakujibu hata siku moja. Aliinua ndoo yake, akajitwika, akaondoka. Nilikuwa nikitembea nyuma yake nikiuchukia ule ukimya kuliko nilivyowachukia wasemaji. Mimi nilizaliwa na mdomo mrefu, na niliona aibu kuwa na mama asiye nao kabisa.

Kisha akazaliwa Magesa. Hakufikisha hata miezi mitatu, shangazi yangu akafika kutoka Bunda, dada mkubwa wa baba, mke wa mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wengi. Wakubwa wakakaa kikao, nasi watoto tukafukuzwa, nikasikilizia nyuma ya ukuta wa jikoni. Uamuzi ulikuwa kwamba mtoto apelekwe kanisani kubarikiwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na kutoka hapo hapo Shangazi aende naye Bunda, akalelewe kwa maziwa ya ng'ombe, mbali na mama yake. Shangazi alisema mwanamke huyu hana mkono wa watoto, na kwamba yeye anaokoa damu ya kaka yake. Baba alikuwa mvuvi hodari, asiyeogopa mawimbi, lakini mbele ya dada yake alirudi kuwa mtoto wa darasa la kwanza. Alisema tu kwamba dada ameshasema.

Usiniulize mama alisema nini. Alikuwa anamnyonyesha Magesa, akaendelea kumnyonyesha.

Sasa nimlete Mwalimu Tabitha. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye raba za bluu alizozitoboa upande mmoja ili kidole chake kidogo kipate nafasi. Siku za wiki alitufundisha sayansi darasa la nne, Jumapili alitufundisha neno la Mungu chini ya paa la kanisa. Shuleni chaki zilikuwa zimekwisha, kanisani hazikuwahi kuwapo, basi yale masomo mawili yakawa somo moja. Lilianza kwa sala likaishia kwenye wembe wa kupasulia viumbe, au lilianza kwa wembe likaishia kwenye sala.

Kila Jumapili mmoja wetu alitakiwa kuleta ajabu. Ndivyo alivyoiita. Ajabu inaweza kuwa gamba la nyoka, kiota cha mnana, siafu waliobeba kitu kikubwa kuliko wao, au wale wadudu wa ziwani wanaonyanyuka kama moshi hata mgeni akadhani kuna boti inaungua. Unaiweka katikati, tunaizunguka, na sharti lilikuwa moja: usimwambie ulichoambiwa, mwambie ulichoona. Ukianza na "watu husema," anakunyamazisha. Ukianza na "Mungu ni mkuu," anakunyamazisha pia, anakuambia huo ukuu hujauona bado, tazama kwanza. Tukishatazama mpaka shingo zinauma, yeye hufumba macho na kusema maneno mawili: "Bwana, tumeona." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yote, na sijawahi kusikia ndefu iliyonifaa zaidi.

Mzee mmoja wa kanisa hakupendezwa. Alilalamika kwamba watoto wanafundishwa kumchungulia Mungu. Mwalimu Tabitha alimjibu mbele yetu, kwa adabu zote, huku amepiga goti kidogo kama inavyompasa mwanamke wa kwetu kwa mzee.

"Baba, Mungu haogopi kutazamwa," alisema. "Wanaoogopaga ni watu."

Jumapili moja zamu ilikuwa ya Bwire, mtoto wa jirani, mchokozi tangu tumboni. Alileta furu kwenye sufuria, amekwisha kufa, akambonyeza shavu na vifaranga vikamwagika. Akatangaza kwamba ajabu yake ni samaki anayekula watoto kama mama yake Nyanjura. Darasa lote likacheka. Nilishainuka nimpige na sufuria yake mwenyewe, Mwalimu akaninyooshea kidole nikae.

Akamuuliza Bwire kama alimwona furu akila. Bwire akasema wamo mdomoni. Basi, sema wamo mdomoni, akamwambia, habari ya kula hukuiona. Akatoa wembe kwenye kitambaa chake, akampasua furu kuanzia chini mpaka kwenye mapezi ya kifua, akautoa utumbo akauweka kwenye jani la mgomba. Ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Akaupasua nao. Hapakuwa na kifaranga hata mmoja. Hapakuwa na kitu chochote.

"Aliowala wako wapi, Bwire?"

Mwalimu akatugeukia sisi wote, akauliza maswali mengine mawili ambayo hakuyajibu. Kwa nini tumbo hili halina hata chakula kingine? Na nani kati yetu, watoto wa wavuvi, amewahi kumnasa furu mwenye vifaranga mdomoni kwa ndoano? Tukafikiri. Kweli, furu wengine tuliwanasa kwa ndoano na nyungunyungu, lakini wa namna ile alikuja kwa wavu tu. Tulilijua jambo hilo siku zote na hakuna aliyewahi kulishangaa. Akasema tuondoke na maswali hayo, hana haraka na majibu.

Kesho yake, kipindi cha sayansi, alitupeleka ufukweni. Tukakokota kipande cha wavu kwenye maji ya magotini, kati ya matete, mpaka tukampata mmoja mzima, mashavu yamevimba. Tukamtia kwenye beseni la maji ya ziwa na kukaa kimya. Baada ya muda alifungua mdomo, na watoto wakatoka taratibu, wakaelea mbele ya uso wake. Mwalimu akapitisha kiganja juu ya beseni. Kivuli kilipogusa maji, wote wakakimbilia mdomoni kwa mama yao. Kivuli kilipoondoka, wakatoka tena.

Wenzangu walipiga kelele za furaha. Mwalimu alisema "Bwana, tumeona." Mimi nililia, lakini si kwa furaha. Nililia kwa hasira. Kijiji kizima kilikuwa kinaoga, kinachota na kuvua katika maji yale yale, na ukweli huu ukiogelea katikati ya miguu yao, wakachagua kusema uongo juu ya mama yangu.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ilikuwa ndiyo Jumapili ya watoto kusimama mbele ya kanisa. Nilimwendea Mwalimu nikamwomba ajabu ya siku hiyo iwe yangu. Hakuniuliza ni ipi. Aliniambia nimlete akiwa hai, na nisiongeze neno.

Nilitoka ufukweni na beseni kichwani, maji yananimwagikia kwenye gauni langu pekee la kanisani, na niliingia wakati wimbo unaisha. Shangazi alikuwa benchi la mbele, Magesa kwenye mapaja yake, amemfunga shali ya safari. Kapu lake la kwenda Bunda lilikuwa limeshawekwa mlangoni. Mama alikaa nyuma yake, mikono haina kazi. Sikutafuta meza nyingine. Nililitua beseni juu ya meza ya Bwana, kwenye kitambaa cheupe walichokifua kina mama kwa sabuni ya mwisho kijijini. Kanisa likaguna. Mchungaji wetu, mtu mpole, alimtazama Mwalimu Tabitha, akalitazama beseni, akasema haya, tuone.

Furu akafumba mdomo.

Nilikuwa nimemtikisa njia nzima, naye alikataa. Tulingoja. Bati lilikuwa linalia kwa joto. Mtoto mmoja akapiga chafya. Watu walianza kunong'ona, na Shangazi akasema niondoe uchafu wangu mezani, wao wana safari. Kama samaki huyu asingefungua mdomo, mdogo wangu angelala Bunda siku ile, na mama yangu angebaki na jina lile mpaka kaburini.

"Tungoje," Mwalimu Tabitha alisema kutoka nyuma, bila kuinuka.

Akatoka mmoja. Halafu watatu. Halafu wingu zima likasimama mbele ya uso wa mama yao, na watu wakaanza kutoka kwenye mabenchi, kwanza watoto, kisha wanawake wa majabalini, kisha wavuvi. Shangazi naye akaja, mtoto begani, kilemba chake kikubwa kikainama juu ya beseni. Kivuli chake kikaanguka majini, na vifaranga vyote vikatoweka mdomoni kwa kufumba na kufumbua.

"Si mmeona?" akasema. "Amewameza. Nilisemaga mimi. Wanakulaga hawa."

Watu waligeuka kumtazama mama. Mdomo wangu mrefu haukungoja.

"Rudi nyuma, shangazi. Unamtisha."

Mtoto wa kwetu hamwambii shangazi yake arudi nyuma, tena kanisani. Nadhani alirudi kwa mshangao tu. Mwanga ukarudi kwenye maji, tukangoja tena, na watoto wa furu wakatoka wote, wazima, wakaanza kucheza. Baba alikuwa amesogea mpaka mezani. Aliinama kwa upande, kivuli chake kisiguse maji. Maisha yake yote alikuwa amewavuta samaki wale kwa wavu na kuwatupa chomboni.

"Hawali, dada," alisema taratibu. "Anawafichaga."

Ndipo mama aliposimama. Alipita kati ya mabenchi, akanyoosha mikono, akamtoa Magesa kwenye bega la Shangazi, akaifungua ile shali na kumrudishia mwenyewe. Kanisa zima lilisikia alichosema, kwa sababu wengi wao walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake.

"Huyu anabaki. Nilikuwaga nanyamaza, sikuwaga bubu."

"Bwana, tumeona," akasema Mwalimu Tabitha, na kanisa likaitika amina, wengine kwa moyo, wengine kwa mazoea.

Shangazi aliondoka na kapu lake. Msidhani alishawishika. Alikwenda akisema kwamba yule samaki alifundishwa, na miaka mingi ilipita kabla hajakanyaga tena kwetu. Wazee wa kanisa nao walikaa, wakapitisha kwamba hakuna kiumbe hai kitakachoingizwa tena ibadani. Mchungaji akawauliza kama katazo hilo linawahusu na mbuzi wa sadaka ya mavuno, wakasema hapana, mbuzi ni sadaka. Jumapili iliyofuata Mwalimu Tabitha alileta mmea wa kifauwongo kwenye kopo la maziwa, akaugusa majani yakajikunja mbele ya wazee wale wale. Alisema kwamba mmea hausemi na hautembei, na anaomba aonyeshwe ni wapi umekatazwa. Hawakumwonyesha, mpaka alipohamishiwa shule nyingine upande wa Kiabakari, na huko nako nasikia walipata taabu naye.

Baadaye ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, sabuni zikawa na rangi na marashi, mitumba ikatuvika kama watu wa Ulaya, malori yakaanza kufuata sangara mpaka ufukweni. Sikatai, tulifurahi, na dawa zile za njiani zikafika, japo ilibidi uzinunue. Ila furu akawa anapungua, sangara anammaliza, mpaka tukavuta wavu tusimwone kabisa. Majabali yalibaki matupu. Tusi nalo likafa, kwa sababu watoto waliofuata hawakujua furu ni kitu gani.

Mimi nikawa mwalimu wa bayolojia. Nafundisha sekondari karibu na Butiama, na wanafunzi wangu wanajua kwamba kwangu huwezi kujibu swali kwa "watu husema." Nilipokuwa chuoni ndipo nilipojua kwamba sato naye hulea mdomoni vivyo hivyo. Lakini sato ni samaki wa heshima, sikumbuki mwanamke aliyewahi kutukanwa kwa jina lake. Na huko chuoni ndiko nilikopata majibu ya yale maswali mawili. Furu jike akishawatia wanawe mdomoni hali kitu. Hali siku zote hizo, hata ndoano ikipita na nyungunyungu mbele ya macho yake. Akila, atawameza. Akitaka kuwa mama inabidi afumbe mdomo, akonde.

Nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilikumbuka sufuria ya ugali ya ile miaka, inatuliwa mbele yetu, na mama anasema yeye ameshakula jikoni. Kila siku alikuwa ameshakula jikoni. Mimi niliyefundishwa kusema nilichoona tu, sikuwahi kumwona akila huko jikoni, na sikuuliza. Nikakumbuka na ukimya wake. Kwetu watoto ni wa ukoo wa baba. Mama angewajibu wale wanawake siku ya kwanza, angeitwa mkorofi, angerudishwa kwao kwa miguu yake, na sisi tungebaki. Nilikuwa nimeuita ukimya ule woga. Kumbe alikuwa ametushika humo ndani, na siku alipofungua mdomo ilikuwa siku aliyojua kwamba hatutamezwa.

Magesa sasa ni fundi wa magari, tena Bunda, na Shangazi alipougua uzeeni ni yeye aliyempeleka hospitali na kumrudisha. Mimi nisingempeleka. Sisi hatufanani.

Basi siku ile sokoni, furu wakiwa wameanza kuonekana tena, nilinunua yale mafungu yote, nikaenda nayo Kigera anakoishi mama siku hizi. Nikawachemsha kama alivyokuwa akiwachemsha yeye, kwa nyanya na chumvi, nikasonga ugali, nikamtengea wale wakubwa. Akasogeza sahani kwangu.

"Kula wewe, Nyanjura. Mimi nilishakula."

Nikairudisha sahani. Nikamwambia sikumwona akila, na mimi siondoki hapa mpaka nione. Alininung'unikia kwamba nimekuwa mwalimu mpaka nyumbani. Nikakaa mbele yake, nikamtolea miiba, nikamtazama tonge baada ya tonge mpaka sahani ikabaki na vichwa.

"Fungua mdomo," nikasema.

Akacheka, akaufungua wote, meno yaliyobaki na mapengo. Nikachungulia. Hakukuwa na mtu ndani.